Kuuliza Si Ujinga: Safari Yangu ya Kiuyu

Ilikuwa jioni moja ya Agosti, mwaka 2023. Nilikuwa jikoni kwangu Morogoro nikichagua mchele, simu ikalia. Aliyepiga alikuwa mwalimu wa skuli moja kisiwani Pemba.

"Mama, usiwe na wasiwasi," alianza. "Binti yako ameshaamka na sasa anakunywa uji. Lakini leo asubuhi alianguka darasani, chaki iko mkononi."

Mama msomaji, ni nani kati yetu anayeweza kuambiwa maneno hayo asiwe na wasiwasi? Ungo niliuweka chini, na mchele ule sikuumaliza kuuchagua.

Binti yangu ni kifungua mimba wetu. Wakati ule alikuwa akisomea ualimu katika chuo kimoja Unguja, na wanafunzi wa mwaka wake walikuwa wamepelekwa skuli mbalimbali kufundisha kwa vitendo kwa wiki nane. Yeye alipangiwa Kiuyu, Pemba. Hapakuwa na bweni wala bwalo, hivyo alipanga chumba kimoja katika nyumba ya bibi mmoja. Kila alipopiga simu nilimwuliza, "Unakula?" Naye alinijibu, "Nakula, mama." Mimi nikaridhika. Kumbe mwanangu alikuwa na wiki tano za kuishi kwa chai ya rangi na biskuti.

Mume wangu alisema, "Nenda. Huku sisi tutajipikia." Kesho yake alfajiri nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikavuka kwa boti hadi Unguja, na kutoka Unguja nikachukua boti nyingine hadi Mkoani, bandari iliyo kusini mwa Pemba. Sikuwahi kufika kisiwa kile, na sikuwa na mtu niliyemjua huko isipokuwa mtoto wangu mgonjwa.

Kiuyu ipi, mama?

Kutoka Mkoani nilipata gari hadi Chake Chake, mji ulio katikati ya kisiwa. Hapo nilimwambia utingo wa daladala, "Nataka kwenda Kiuyu."

"Kiuyu ipi, mama?"

Nilibaki nimemkodolea macho. Sikujua kama kuna Kiuyu zaidi ya moja. Kijana yule hakunicheka. Alinieleza kwa upole kwamba kuna Kiuyu Minungwini, iliyo Wilaya ya Wete, na kuna Kiuyu Mbuyuni, iliyo Wilaya ya Micheweni, upande wa mashariki kwenye ardhi ya mawe, ambako wanawake wengi hulima mwani baharini. Aliniuliza jina la skuli anayofundisha binti yangu, nikamtajia. "Basi hiyo ni Minungwini. Kaa hapa mbele nikushushe penyewe." Kisha akaongeza, "Kama unataka mboga, nunua hapa hapa Chake. Msimu huu watu wako kwenye karafuu, huko mchana huenda usimkute mwuzaji."

Nisingeuliza, ningeweza kushuka kijiji kingine, usiku ukaniingilia njiani. Nilinunua mchicha, ndimu na bilingani. Nilipouliza nyanya, mwuzaji alitabasamu akaniambia kwamba wao huita tungule. Hapo hapo nikawa nimejifunza mambo mawili, nami bado sijafika.

Njia ya kwenda kaskazini ni ya vilima na mabonde ya kijani, minazi, migomba na mikarafuu. Kando ya barabara karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi, na harufu yake iliingia ndani ya gari. Pemba ndiko inakotoka sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar, na wakati wa mavuno nyumba nzima huwa shambani: wakubwa juu ya miti, wadogo chini wakiokota.

"Nimeshiba"

Nilimkuta mwanangu amekaa barazani, kakonda hata kanga inamzidi. Tulikumbatiana, tukalia kidogo, kisha nikaingia chumbani mwake. Palikuwa na sukari, pakiti nne za biskuti na kilo mbili za mchele ambazo hazijafunguliwa. Jiko la mkaa lilikuwa jipya kabisa, halijawahi kuwashwa.

"Mbona hupiki?"

"Sijui mkaa unauzwa wapi, mama."

"Wiki tano hujui mkaa unauzwa wapi? Hukuuliza?"

Akainamisha kichwa. Simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kisasa, yenye kuonyesha mapishi ya nchi zote za dunia. Lakini haikuweza kumwambia mkaa wa Kiuyu uko mlango wa nani.

Jioni bibi mwenye nyumba alirudi kutoka shambani. Nilimwamkia, naye akanikaribisha kwa furaha kama ndugu yake. Nilipomwuliza habari za mgeni wake, alishika shavu.

"Ewe mwanangu, sisi tulishindwa naye. Siku ya kwanza tulimpelekea chakula, akasema ameshiba. Siku ya pili, ameshiba. Ya tatu, ameshiba. Tukasema basi, mtoto wa watu ana miiko yake. Sisi Waislamu, yeye Mkristo, labda mapishi yetu hayamkai. Tukaona haya kumlazimisha."

Nilimgeukia binti yangu kwa hasira. "Kwa nini ulikataa?"

Akanijibu taratibu, bila utovu wa adabu, "Mama, si wewe uliyenifundisha nisile kwa watu?"

Wenzangu, nilikosa la kusema. Ni kweli nilimfundisha. Alipokuwa mdogo nilimfinya kila alipotazama sahani ya jirani. Nilimwambia, "Ukikaribishwa sema umeshiba." Nilimwambia, "Usizungumze na watu usiowajua." Nilitaka awe mtoto mwenye adabu asiyenitia aibu. Lakini sikumwambia kwamba kuna siku ya kuiweka kando kanuni ile. Yeye aliichukua nzima nzima hadi ng'ambo ya bahari, nusura imwue. Na huku bibi wa watu naye alinyamaza kwa heshima. Adabu mbili zilikutana mlango mmoja, mtoto akalala njaa katikati yake.

Nilimwomba bibi yule radhi. Alicheka, akatuletea muhogo wa nazi na samaki. Usiku ule mwanangu hakusema ameshiba mpaka sahani ilipokuwa tupu.

Siku sita za kuuliza

Nilikuwa na siku sita. Ningeweza kumpikia kila siku, kisha nikaondoka na kumwacha pale pale nilipomkuta. Niliamua tutatoka wote wawili, lakini yeye ndiye atakayeuliza. Mimi nitasimama nyuma.

Tulianza na mwenye duka. Binti yangu alisimama, akababaika, kisha akauliza tu, "Mkaa upo?" Mwenye duka akajibu, "Haupo," akaendelea na hesabu zake. Nilimvuta kando nikamwambia, "Rudi. Mwamkie kwanza, umweleze wewe ni nani." Akarudi. "Shikamoo baba. Mimi ni mwalimu mwanafunzi, nakaa kwa bibi pale juu. Naomba unielekeze nitakapopata mkaa." Mzee akaweka kalamu chini. Alimweleza nyumba inayouza mkaa, akamwambia kwamba makumbi na vifuu vya nazi huwaka vizuri na huweza kupatikana bure kwa majirani, na kwamba mafuta na unga hupimwa kidogo kidogo kwa mwenye fedha chache. Mtu alikuwa yule yule na duka lile lile, ila ombi lilikuwa limepata salamu.

Kisha tulimtafuta mama anayepika maandazi. Binti yangu alikuwa akitoka saa moja kasorobo asubuhi, anakuta sinia tupu, anakwenda skuli na njaa hadi saa nane mchana. Mama yule alishangaa. "Mbona hukuniambia? Niambie tangu jioni, nitakuwekea. Asubuhi utapita tu." Alimshauri pia achemshe mbatata au muhogo usiku, kipande cha asubuhi akifunike vizuri, kwa sababu andazi peke yake halimfikishi mwalimu hadi mchana. Shida ya wiki tano ilikwisha kwa maneno ya dakika tano.

Mwuza samaki alipita na baiskeli yake, tenga nyuma. Huyu alitufundisha kalenda ambayo haimo ukutani. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, alisema, huwa ni bamvua: maji hupwa sana, wanawake hushuka pwani, na pweza na chaza hupatikana. Siku za maji mafu, bahari haipwi mbali, na vitu hivyo huadimika. Tena katika miezi ya kusi, upepo ukivuma kwa nguvu, vyombo vidogo havitoki, na samaki hupanda bei. "Kwa hiyo mwanafunzi," alisema, "siku ya wingi nunua mtungo, si samaki mmoja. Kula wa leo, wengine tia chumvi na ndimu uwakaange wakauke. Na siku ambayo hamna kitu, kuna ng'onda na dagaa." Kwa mtu asiye na friji, hayo ni maarifa ya thamani.

Usiku wa karafuu

Lakini darasa kubwa lilikuwa usiku. Karafuu zikishachumwa, sharti zichambuliwe, yaani vikonyo vitenganishwe na karafuu zenyewe kabla ya kuanikwa. Wanawake, vijana na watoto huketi kwenye jamvi kuzunguka lundo, mikono ikifanya kazi na midomo ikizungumza. Binti yangu alikuwa akisikia vicheko hivyo kila usiku akiwa amejifungia chumbani. Safari hii tuliketi nao.

Mikono yetu ilikuwa mizito, wakatucheka, nasi tukacheka. Baada ya nusu saa hakuna aliyekumbuka kwamba sisi ni wageni. Hapo mwanangu aliuliza mambo yote. Kwa nini mchuzi wake wa nazi hukatika? Mama mmoja akamwonyesha kwa mikono mitupu: tui jepesi ndilo linalotangulia kuchemka pamoja na samaki, na tui zito huingia mwisho, ukikoroga bila kuacha, moto ukiwa mdogo. Boga je? Kisamvu je? Kila mmoja alikuwa na lake, na wawili nusura wagombane juu ya kitunguu.

Kisha aliuliza kama anaweza kung'oa muhogo katika shamba la nyuma ya nyumba, kwani bibi alimruhusu. Jamvi zima likanyamaza. "Uliza kwanza ni muhogo gani," mzee mmoja wa kike alimwambia. "Si muhogo wote unaochemshwa ukaliwa." Alisema kweli. Muhogo mchungu una sumu, na hauliwi mpaka umenywe, uloweke na kukaushwa kwa siku kadhaa. Huko Tarime, mkoani Mara, wakati wa ukame wa mwaka 1985, watu waliokula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha walipatwa na ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo, na ulemavu wake hauponi. Swali moja la mgeni linaweza kuokoa miguu yake.

Waliongea pia juu ya maji. Walimtajia kisima cha kunywa na kisima cha kufulia tu, wakamsisitiza achemshe. Zanzibar haijasahau kipindupindu cha mwaka 2015 na 2016.

Mwisho bibi mwenye nyumba alitoa shauri ambalo sikulitegemea. "Mwalimu, huo mchele wako unaliwa na wadudu. Uniletee mimi. Utie na chochote ulicho nacho, tupike chungu kimoja. Mchana utakuta chakula chako kimefunikwa. Siku sina nafasi, utapika wewe." Mwanangu alinitazama. Nilitikisa kichwa kumkubalia. Akasema, "Ahsante, bibi. Nitafurahi." Nilishukuru Mungu kimoyomoyo.

Si kila shauri hushikwa

Sitaki mfikiri kwamba kila neno la mtu wa njiani ni dawa. Kituo cha afya walikuwa wamempima binti yangu wakamkuta amepungukiwa damu. Abiria mmoja kwenye daladala alitushauri achanganye soda na nyanya ya kopo, eti damu itajaa kwa siku tatu. Wengi wetu tumeshasikia hilo. Tulimshukuru, kisha tukamwuliza mwuguzi.

Mwuguzi alitueleza kwa utaratibu. Damu huhitaji madini ya chuma, nayo hupatikana katika dagaa, samaki, nyama, maharage, kunde na mboga za majani. Ndimu au chungwa pamoja na mlo husaidia mwili kuyapokea yale ya kwenye mboga na maharage. Chai pamoja na chakula huyazuia, hivyo ni bora kuinywa saa moja au mbili baada ya kula. Mwanangu alikuwa akifanya kinyume chake kabisa: chai asubuhi, chai mchana, chai usiku. Alipewa vidonge na tarehe ya kurudi kupimwa. Mambo ya jikoni waulize majirani, na mambo ya ugonjwa mwulize mhudumu wa afya.

Tena nilimwonya kama mama. Msichana aliye peke yake hamwulizi kila mtu wala mahali popote. Awatafute kwanza wanawake, watu wazima wenye nyumba zao, na wenye maduka, mchana kweupe. Akifika mahali pageni Zanzibar, apelekwe kwa sheha, kiongozi wa shehia, ajulikane. Na mtu anayejibu swali la mkaa kwa kumwalika msichana chumbani kwake, huyo ameshajieleza. Mshukuru kwa mbali, uende zako. Nilitambua kwamba kanuni yangu ya zamani haikuwa mbaya yote. Kosa langu lilikuwa kumfundisha mtoto kuogopa watu bila kumfundisha kuwachagua.

Kabla hujafunga sanduku la mwanao

Wengi wetu tuna watoto wanaokwenda mbali kusoma. Tunawafungia mashuka, sabuni, unga na karanga. Nawaomba tuongeze na haya:

Mfundishe kupika vyakula vitatu au vinne vya bei nafuu kabla hajaondoka, awe wa kiume au wa kike. Njaa haichagui.

Mfundishe kuomba maelekezo: salamu kwanza, kisha ajieleze, kisha aulize, mwishoni ashukuru. Mtume dukani na sokoni angali mdogo, usimfanyie yote.

Mweleze tofauti ya kudoea na kukaribishwa. Anayedoea huvizia sahani za watu. Aliyekaribishwa hupokea, hushukuru, na siku nyingine hupeleka chake.

Mweleze desturi za aendako. Mwanafunzi atakayekuwa Pemba mwezi wa Ramadhani ajue kwamba mchana hakutakuwa na chakula cha kuuzwa, na kwamba ni heshima kutokula mbele ya waliofunga. Aulize mapema atapikaje na atakula wapi. Akikaribishwa futari, asiseme ameshiba.

Nawe usiulize tu, "Unakula?" Swali hilo lina jibu moja, nalo ni la kukufurahisha. Uliza, "Leo umekula nini, na umekula na nani?"

Siku ya kuondoka, bibi alinifungia karafuu kidogo katika karatasi, na mwanangu akanisindikiza hadi barabarani. Njiani alisalimiwa na watu saba, nikawahesabu. Mama wa maandazi, mwenye duka, yule wa baiskeli. Wiki moja kabla hakuna aliyejua jina lake.

Alimaliza wiki zake nane, akafaulu, na damu yake ikarudi. Siku chache baada ya mimi kufika nyumbani alinipigia simu usiku. Nyuma yake nilisikia vicheko, nikajua yuko kwenye jamvi.

"Leo umekula nini, na umekula na nani?"

"Wali na mchuzi wa pweza, mama. Bamvua imeingia. Tumekula sote hapa kwa bibi." Kisha nikasikia anakaribishwa tena, naye akajibu kwa sauti, "Ahsante bibi, nimeshiba."

Safari hii nilimwamini.